Mibofyo Miwili ya Hobert

Tik, tik.

Simu ya upepo, redio ya kupokezana maneno, iliyokaa rafuni juu ya jiko ilibofya mara mbili, na Verlene Stidham, mikono yake imejaa unga, akashusha pumzi. Nje ndiyo kwanza kunapambazuka. Hobert Noble alikuwa hai.

Kila siku saa kumi na mbili alfajiri, kabla hajatia mikate yake midogo ndani ya oveni, Verlene aliita majina ya waliokuwa wakiishi peke yao katika bonde la Lick Fork. Walikuwa watano. Wanne waliitika kwa sauti, tena wengine kwa maneno mengi, habari za mgongo na za kuku. Hobert, wa mwisho kule juu, mapafu yake yameliwa na vumbi la mgodi wa makaa, hakuwa na pumzi za kuchezea. Yeye alibonyeza kitufe mara mbili tu.

Asubuhi hiyo Verlene aliwaambia kwamba huu ndio wito wa mwisho. Saa sita mchana kaunti ingezima mnara wa zamani wa simu hizi na kuwasha mitambo mipya. Kisha tik, tik nyingine ikasikika, bila kuitwa. Mnara ule Hobert na wenzake waliupandisha mlimani kwa nyumbu, chuma kwa chuma, mwaka ambao mafuriko yalichukua watu na hakuna aliyeweza kuita msaada.

Verlene alifunga mikate sita kwenye kitambaa, akawasha pikapu, akashuka mjini. Miaka ishirini na sita alikuwa mlinzi wa kituo cha zimamoto cha kujitolea cha bonde lile, na alitumwa kuchukua simu mpya mbili, za kugawana wazimamoto wake kumi na mmoja.

Denzil Pruitt, mkuu wa mawasiliano wa kaunti, alimvutia kiti chenye mto, kwa sababu alijua habari za nyonga yake. Hakuwa mtu mbaya. Verlene alimpa mkate, naye akala akiwa amesimama. Kisha akamsogezea fomu.

Fomu ilisema mitambo mipya imejaribiwa Lick Fork na inasikika. Palibaki sahihi tu.

"Mlijaribu lini, Denzil?"

"Januari, Mama Verlene. Gari lilipita bonde zima."

"Lilipita barabara kubwa. Na Januari miti iko uchi. Sasa ni Juni, majani yamejaa mpaka sioni zizi langu mwenyewe. Hayo majani mawimbi yenu yatapitaje?"

Pruitt alitazama dirishani. Alisema ripoti ya wataalamu inaonyesha asilimia tisini na tano ya kaunti inasikika, na mkataba ulitaka hivyo hivyo, tisini na tano.

"Hiyo tano iliyobaki ina jina," Verlene akasema. "Inaitwa Hobert. Niachie mnara wa zamani mpaka majani yapukutike."

Akajibiwa kwamba leseni ya masafa yale inakwisha leo, kwamba masafa mapya ni ya shughuli rasmi, na kuamkiana alfajiri si shughuli rasmi. Hobert angeweza kununua simu ya mkononi. Wote wawili walijua kwamba kule juu, pasipo mtandao, simu ya mkononi ni saa ya ukutani tu.

Verlene alishika kalamu, akaandika chini ya mstari: *Bonde la juu halijajaribiwa.* Pruitt akaichukua fomu taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akatoa nyingine safi.

"Ukiandika maneno, kompyuta inaikataa. Bila fomu, siwezi kukupa simu. Usinibane, Mama. Na mimi nina wakubwa."

Basi Verlene akaweka kalamu chini. Mwishowe Pruitt alisukuma simu moja upande wake wa meza, na fomu juu yake. "Nenda ukaijaribu. Nirudishie vyote viwili kabla ya saa kumi na moja jioni, kimoja kiwe na sahihi."

Saa sita ilimkuta njiani. Simu ya zamani ya ndani ya pikapu ilikoroma kidogo, ikanyamaza. Hakuwahi kuisikia kimya namna ile.

Dhoruba ilimpata penye kanisa la chini. Upepo uliinamisha mialoni, mvua ikaja kama iliyomwagwa kwa ndoo, na taa ya duka la Lick Fork ikazimika. Umeme umekatika. Verlene akakanyaga mafuta, maana mashine ya oksijeni ya Hobert ilikula umeme. Alikuwa na mtungi wa akiba, lakini mtungi ule ulifunguliwa kwa spana, na vidole vya Hobert vilikuwa vimepinda kama mizizi.

Akaishika simu mpya, akabonyeza. Ikampigia milio mitatu ya kukataa. Akasogea mbele mita mia, akabonyeza tena. Milio mitatu. Mahali alipofika, mwaloni ulikuwa umelala barabarani. Akaliacha gari, akaupita kwa magoti, akapanda mlima kwa mguu, nyonga ikimwaka moto, akihesabu hatua ili asihesabu dakika.

Hobert alikuwa kibarazani, kwenye kiti chake, midomo ya rangi ya buluu. Mtungi ulikuwa miguuni pake, spana imeanguka. Simu ya zamani ilikuwa mapajani, na kidole gumba chake kilikuwa kikibonyeza. Mara mbili. Kikapumzika. Mara mbili tena. Kilikuwa kimekuwa cheupe kwa kubonyeza.

Verlene aliokota spana, akafungua mtungi, akamvalisha mpira wa puani, akampigapiga mgongoni kama mtoto mchanga. Ilichukua muda. Kisha buluu ikaanza kuondoka.

"Nilikuwa... nakujibu," Hobert akasema.

"Najua."

"Umechelewa kama posta."

"Na wewe umelowa kama jogoo aliyenyeshewa. Nyamaza, vuta hewa."

Alimfunika blanketi, akamkandakanda kidole kile mpaka damu ikarudi. Mfukoni mikate miwili ilikuwa imepondeka, wakala makombo. Alipotazama saa ilikuwa inakaribia tisa. Akaitoa simu mpya, akabonyeza mara nne, na kila mara ikampigia milio mitatu ile ile. Aliikunjua ile fomu, imeloa pembeni, akaiweka juu ya goti, na pale pa sahihi akaandika kwa penseli, herufi kubwa: *Kibarazani kwa Hobert Noble. Nimebonyeza mara nne. Hakuna aliyesikia.* Saa kumi na moja ingempita akiwa hapa hapa, maana mtungi ulitosha kwa muda wa saa nne tu na umeme haujarudi. Kama kompyuta itaikataa, na iikatae.

Hobert aliisoma kwa shida, akamrudishia. Akaitua simu ya zamani sakafuni, polepole, kama mtu anayelaza paka.

"Kesho saa kumi na mbili nitakuwa macho," akasema. "Njoo tena, mwanangu. Ukiweza, njoo."