Navalayo Anasoma Bei

Kabla ya gazeti, mume wangu Athman alikaa kwenye kiti miezi minane. Sisemi kwa kumcheka. Kazi yake katika kiwanda cha sukari ilikwisha, tukahama Mumias tukaja Kakamega mjini, ambako tayari nilikuwa na kibanda cha sufuria na sahani sokoni, na yeye akachagua kiti cha karibu na dirisha, akakaa. Nikitoka asubuhi ninamwacha hapo. Nikirudi jioni ninamkuta hapo hapo, na chai niliyomwekea imefanya utando. Mimi nina mdomo, kila mtu anajua, lakini miezi ile sikuwa na la kumwambia.

Kisha siku moja akaniuliza kwa nini wenye vibanda wawili wananunua nyanya za muuzaji mmoja wa jumla kwa bei mbili tofauti. Nikamjibu kwamba hakuna anayewaambia bei ya siku ni ngapi, kila mtu anakatwa kadiri ya ujinga wake. Athman akainuka. Wallahi aliinuka mwenyewe, akaanza kutafuta kalamu kwenye madroo.

Hivyo ndivyo tulivyopata gazeti letu, Jumla na Rejareja. Lilikuwa karatasi kubwa moja iliyokunjwa katikati, kurasa nne, likitoka kila Jumamosi asubuhi kabla soko halijachangamka. Athman akajiita Mhariri Mkuu, ingawa sikumwona huyo mhariri mdogo. Binti yetu Khadija, anayesoma chuo kikuu hapa hapa mjini, alipanga kurasa kwenye kompyuta na kutafuta matangazo ya mizani, magunia na chakula cha kuku. Mimi nilikuwa idara nzima ya usambazaji, maana yake nilitandaza nakala juu ya sufuria zangu na kumpigia kelele kila anayepita. Shilingi kumi, ujue bei kabla hujaibiwa!

Mwanzoni tuliuza nakala mia mbili. Gazeti lilipofikisha miezi mitano tulikuwa tunauza thelathini, na nyingine nilifungia sahani. Khadija hana kona, huyo amenifuata mimi. Jioni moja alifunga kompyuta yake akasema, "Baba, bei tuziweke kwa simu, karatasi tuachane nayo. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Kama hatujarudi hata kwenye nakala mia, mimi siprinti tena."

Athman alisema sawa. Halafu akaenda akakaa kwenye kile kiti cha dirishani, mikono juu ya magoti, na hapo ndipo nilipoogopa. Gazeti lenyewe nisingelililia. Kabichi zimeuzwa Kakamega tangu zamani bila kuandikwa na mtu. Lakini nilijua gazeti likifa, mume wangu hatainuka pale mara ya pili.

Kitu kimoja tu kilimpa moyo, nacho ni Navalayo. Huyu ni mama wa miaka sitini hivi anayeuza mrenda na kunde mwisho wa safu ya mboga. Wenzake humwita Senje, yaani shangazi. Kila Jumamosi yeye ndiye mteja wangu wa kwanza: analeta shilingi kumi yake, anachukua gazeti, anakaa juu ya kreti na kuwasomea wenzake kwa sauti, Kiluhya kikichanganyika na Kiswahili. Wanamzunguka wanawake hata thelathini. Athman alikuwa akisimama mbali, akijifanya anakagua mizani ya watu, kumbe anasikiliza.

"Unaona?" aliniambia. "Si kwamba hawalitaki. Wanasomewa. Nina msomaji mmoja mwenye masikio sitini."

Mimi nikaona biashara. Jumamosi iliyofuata nilimwachia jirani kibanda nikaenda kumwomba Navalayo asome nusu tu, nusu nyingine wenzake wanunue wajisomee. Sina haya katika mambo kama hayo. Nilimkuta ameshaanza, nikasimama nyuma yake.

"Gazeti inasema kabichi imeshuka," alisoma. "Loli nne ziliingia jana. Mtu asikubali zaidi ya ishirini na tano kwa kichwa. Vitunguu vimepanda, loli moja ilikwama njiani. Ukipata neti na elfu moja mia tano, shukuru Mungu."

Nakala zile nilizikunja kwa mikono yangu. Athman alikuwa ameandika kabichi arobaini, na neti ya vitunguu, ule mfuko wa wavu, elfu moja na mia mbili. Niliangalia kidole cha Navalayo. Kilikuwa kinatembea taratibu, mstari kwa mstari, chini ya tangazo la chakula cha kuku.

Nilingoja mpaka wenzake walipotawanyika kununua. "Senje," nikamwambia, "nionyeshe hapo penye kabichi."

Aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka mapajani na kuifunika kwa mikono. "Mama Khadija, tafadhali usinitangaze."

"Hujui kusoma?"

"Nilitolewa darasa la kwanza nikalee watoto wa ndugu yangu." Alisema bila kuniangalia. "Lakini kila Ijumaa mchana naendanga pale loli zinashushia. Nahesabunga magunia. Wale vijana wa mzigo wananiambianga ukweli wote, maana nawapeanga uji. Zamani nikileta hiyo habari hapa, walisema Navalayo anapenda maneno. Tangu nishike gazeti, wananiamini."

"Na bei za mzee wangu je?"

"Sijui yeye huandikanga nini." Sasa aliniangalia, na wasiwasi wa kweli usoni. "Ni mbaya?"

Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikataka kulia, yote kabla sijafika kibandani. Bei za Athman zilikuwa mbaya, naam. Yeye alizikusanya Jumatano, akiingia ofisi moja moja za wauzaji wa jumla na koti lake na daftari, na mtu aliyevaa koti huambiwa bei ile ambayo muuzaji angependa kuiona imeandikwa. Watu wakanunua gazeti, wakafika kwenye lori wakakuta mambo mengine, wakaacha kununua. Wale waliobaki walibaki kwa ajili ya Navalayo.

Nyumbani nilimweleza nusu. Ningewezaje kumwambia kwamba msomaji wake mmoja hajasoma hata neno lake moja? Nilimwambia tu, "Baba Khadija, kabichi yako haikuwa sawa. Navalayo huenda kwenye malori kila Ijumaa, anajua bei kuliko hao rafiki zako wa ofisini. Muulize yeye."

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza, kwa sauti ya mtu ambaye hajali, malori yanashusha saa ngapi.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi akaja sokoni moja kwa moja kutoka msikitini, kanzu nyeupe imepigwa pasi, na mkononi ana daftari jipya na kalamu mpya. Khadija alikuwa naye. Nilidhani amekuja kuuliza maswali mawili matatu. Nikafuata nyuma yao mpaka mwisho wa safu ya mboga, ambako Navalayo alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kwenye malori, na wanawake wakaacha kazi kutazama.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, Mzee. Karibu."

Athman akageukia watu, akakohoa. Mume wangu anapenda hotuba. "Kuanzia leo," akasema, "huyu mama ndiye mwandishi wetu wa bei. Bei zitakazotoka kesho ni zake." Wanawake wakapiga makofi, mmoja akapiga vigelegele. Kisha akampa Navalayo daftari na kalamu kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Haya, Mama. Tuandikie ulichokiona leo."

Navalayo aliipokea kalamu akaishika kama mwiko, kwa vidole vyote vitano.

Wenzake walikuwa wanatabasamu, wakingoja. Ni mimi niliyemficha mume wangu ukweli, na sasa alikuwa anamvua mama wa watu nguo mbele ya soko bila kujua. Nilifungua mdomo, huu mdomo wangu unaosifika, na haukutoka hata upepo.

"Andika tu, Senje, hata kwa Kiluhya," Khadija akasema, akidhani anasaidia.

Navalayo aliniangalia. Aliona nimesimama pale na mume wangu na binti yangu, na nikajua anaamini kwamba nimemtangaza kwao na kuleta familia nzima imuaibishe. Jicho lile sitalisahau. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na kalamu ikagusa karatasi ikabaki hapo hapo, ikiacha nukta iliyozidi kukua.

Athman aliitazama ile nukta. Kiwandani kazi yake ilikuwa kuwaandikisha wakata miwa, miaka ishirini na miwili, na watu walioshika kalamu namna ile amewaona wengi. Nilimwona anaelewa. Nikangoja uso wake uanguke, kwa sababu alikuwa anaelewa yote kwa mpigo: kalamu, na Jumamosi zote zile alizosimama mbali akisikiliza.

"La, la, la," akasema. "Nimekosea mimi. Samahani sana, Mama. Mimi ni mtu wa ofisi na nimesahau taratibu. Mkubwa haandiki! Mkubwa anasema, karani ndiye anaandika."

Akaitoa kalamu vidoleni mwake polepole. Akatafuta pa kukaa, hakuona, basi akakaa chini, na kanzu yake nyeupe, juu ya majani ya kabichi na matope, akaweka daftari gotini.

"Karani wako yuko tayari. Sema taratibu tu, masikio yangu yamezeeka."

Navalayo akapangusa jasho kwa ncha ya leso, akajiweka sawa juu ya kreti. "Andika kabichi," akasema. "Loli tano." Na Athman akaandika. Senje alipofika kwenye omena, yaani dagaa, Adhiambo anayewauza akapinga, wakabishana, bei ikarekebishwa, na Athman akafuta na kuandika upya bila kunung'unika. Mwisho aliwasomea yote, na Senje akaitikia kila mstari kwa kichwa.

Nimeishi na Athman miaka ishirini na sita. Ninampenda, lakini sikuwahi kumpenda kama nilivyompenda akiwa pale chini, matope yakipanda kwenye kanzu ambayo mimi ndiye nitakayeifua. Njiani kurudi nilimuuliza, "Ulijua?"

"Nilijua nini?" akasema, na hakuongeza neno.

Kesho yake tuliuza nakala sabini na moja. Mia haikufika. Khadija alihesabu mara mbili, akanitazama, akasema kompyuta yake inaweza kuvumilia mwezi mmoja zaidi. Wakati huo Navalayo alikuwa kwenye kreti yake anasoma, na mimi nilisimama nyuma ya watu na nakala yangu, nikimfuata. Kabichi, vitunguu, viazi, omena. Kwa mara ya kwanza, alichokisema ndicho kilichoandikwa, na hakukosea hata shilingi.

Alikuwa bado kwenye ndizi lori lilipoingia getini likipiga honi, limejaa nyanya ambazo hazikuwa kwenye gazeti la mtu yeyote. Navalayo akasimama juu ya kreti kulitazama vizuri.

"Karani!" akaita, na soko zima likasikia. "Karani, kuja haraka na kalamu! Bei imeharibika!"

Athman alikuwa ameketi kibandani kwangu, kwenye kigoda changu, anakunywa chai. Aliiacha ikiwa moto akakimbia.