Silikoni Juu ya Silikoni

Fundi Kwangua alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kutupa kitu kabla ya kukichungulia. Mafundi wenzake wakibandua silikoni kuukuu, ule utepe wa mpira unaoziba nyufa za bafuni, huivuta, huikunja, huitia mfukoni, kazi imekwisha. Yeye huipeleka mpaka dirishani, akaigeuza, akainusa, na mwenye nyumba akiwa karibu basi ajiandae kwa maswali. Jina la Kwangua alipewa kwa sababu ya kazi yake. Kwa udadisi wake alistahili jina lingine, ila watu wana haya.

Asubuhi hiyo aliitwa ghorofa ya tatu, kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi viatu kabla ya kustaafu. Hodhi lake la kuogea lilikuwa likivuja pale linapokutana na ukuta, na maji yakimdondokea jirani wa chini kitandani. Jirani alishapanda ngazi mara tatu, na mara ya tatu hakusalimia.

Binti wa mzee ndiye aliyemfungulia. Alikuwa mwanamke nadhifu, kucha zake ndefu zimepakwa rangi.

"Karibu, fundi. Nataka uibandue yote, uweke mpya, tupate mpangaji," alisema. "Baba anahamia kwangu Jumapili. Aliziba mwenyewe pale, na unaona kilichotokea. Macho yamechoka, hawezi tena kukaa peke yake."

"Shikamoo, mzee," fundi alisema.

"Marahaba." Mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. "Nimekaa humu miaka thelathini na moja. Lakini kama nimeharibu, nimeharibu. Nitahama."

Alilisema kwa upole mno, na upole ule ukamchoma fundi moyoni. Mtu anayeng'olewa nyumbani kwake angalau hulalamika kidogo.

Bafuni, fundi alipiga magoti. Alikata kwa wembe ukingo wa juu, kwenye vigae, kisha ukingo wa chini, kwenye hodhi, akiulaza wembe usije ukachubua. Akashika ncha, akavuta. Kwa kawaida silikoni kuukuu ni mbishi. Hutoka kwa vipande, na kila kipande kinataka kubembelezwa. Hii ilitoka yote kwa mkupuo mmoja, mita nzima, laini kama mkanda, na nyuma yake yakachuruzika maji yenye uvundo.

Chini yake palikuwa na silikoni nyingine.

"Ala," Kwangua alinong'ona, na furaha yake ilikuwa ya mtu aliyeokota barua ya wenyewe.

Ile ya chini ilikuwa imeota kuvu nyeusi juu, ya kutia kinyaa kweli, lakini ilikuwa imeng'ang'ania ukutani sawasawa. Alijaribu kuichomoa, ikakataa. Aliipaka dawa ya kulainisha, akasubiri, akaisukuma kwa kikwangulio cha plastiki, na bado ilimtoa jasho. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote kuhusu anayeziba juu ya kiraka.

Alipomaliza alivibeba vipande viwili, cha chini na cha juu, akaenda navyo sebuleni kwenye mwanga.

"Mzee, uliziba mara ngapi?"

"Mara moja."

"Naona mara mbili. Hii ya chini imesawazishwa kwa dole gumba pana, na hapa maji hayakupita kabisa. Uchafu wake ni wa juu tu. Sasa hii ya juu..." Aliinyanyua. "Silikoni haishiki juu ya silikoni. Maji yaliingia katikati ya hizi mbili, yakatembea kama yako kwenye bomba, yakatokea pembeni kwa jirani. Hii ndiyo iliyovujisha. Na aliyeipaka ana kidole chembamba. Tazama, kuna mstari wa ukucha kutoka mwanzo hadi mwisho. Nani huyu mwenye kucha?"

Aliuliza kwa udadisi tu, masikini, bila hila. Alipoinua macho akamwona binti ameficha mikono kwapani. Hapo ndipo alipotamani kuumeza ulimi wake.

"Ni mimi," mzee alisema haraka. "Wakati ule nilikuwa sijakata kucha."

Fundi alivitazama vidole vya mzee. Miaka ya gundi na ngozi ilikuwa imevifanya vinene na butu, na kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama.

"Baba," binti alisema.

"Nimesema ni mimi. Mwache fundi aendelee."

"Baba, ulijua?"

Mzee aligeukia dirisha. "Niliamka siku ile uliyolala hapa nikasikia harufu ya siki nyumba nzima. Silikoni mbichi inanuka siki, nani asiyejua? Nikasema, mwanangu ameona ile kuvu, hakutaka kunitia aibu kwa kubandua kazi yangu, amefunika tu. Ningekuumbua vipi?"

"Ukakubali kuhama?"

"Ulikuwa umeshaamua."

Binti alikaa chini, palepale sakafuni, na nguo zake nzuri. Alilia bila kujificha. "Nilidhani nakusaidia," alisema. "Jirani alipokuja, nikasema ni macho yako. Nilisema hivyo kwa kila mtu."

Fundi alirudi bafuni akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alifuta kwa spiriti, akakausha, akapaka mstari mpya, akaulainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni. Alipotoka, baba na binti walikuwa wamekaa pamoja.

"Msilitumie hodhi mpaka kesho saa hizi," alisema. "Silikoni ikauke vizuri."

Binti alimgeukia mzee. "Basi twende kwangu."

Mzee alisimama, akatundika taulo begani, na hakuchukua kingine chochote.

"Kuoga tu," alisema.

"Kuoga tu, baba. Kesho nakurudisha."