Jemadari Asiyeweza Kuinama

Jioni ile nilirudi kutoka darasa la watu wazima nikiwa nimefura. Mwalimu Kisanga alikuwa ametusomea maisha ya Garside, jemadari wa anga wa Kiingereza, jinsi alivyopanda vyeo bila kupoteza ndege hata moja. Nikauliza, "Na waliokuwa chini ya mabomu?" Darasa likaangua kicheko. "Mama Shani, hilo halitoki kwenye mtihani!" mmoja akanitania. Nyumbani nikamnyonyesha mwanangu Shani huku hasira ikinichoma kifuani, na usingizi ukanichukua hivyo hivyo.

Nikajiona katika nchi yenye jengo moja tu, refu, lisilo na paa. Bibi mmoja mwenye majivu miguuni akanishika mkono. Akasema anaitwa Huruma, na humo ndani hajapata kukaribishwa kupita ghorofa ya kwanza. "Usimchukie Garside kwa kupanda, mwanangu," aliniambia taratibu. "Tazama kinachofutika kila anapopanda." Nikamwona Garside, rubani kijana, akizitazama kupitia dirishani nyuso za watu waliokuwa chini na kutapika ndani ya kofia yake. Sifa, fundi cherehani mwenye maneno matamu, akamshonea mstari wa dhahabu kwenye mkono wa koti, akampandisha. Ghorofa ya pili nyuso zikawa mapaa. Ya tatu mapaa yakawa vitone. Juu kabisa vitone vikawa ramani, na Umbali, bawabu wa huko, akafunga dirisha. Ulibaki mstari mmoja wa kushonwa, na ili aupate ilimpasa Garside achomeke pini kwenye ramani, mahali pa kudondoshwa bomu. Nikaona pini inakwenda palepale alipolala Shani wangu.

Nikapanda ngazi nikipiga mayowe. "Garside! Tazama chini!"

Akavua kofia kwa adabu. "Tulidondosha karatasi za onyo kwanza, bibi. Ndiyo kawaida yetu."

"Mwanangu hajaota hata meno! Angezisomaje?"

"Lo, ana mdomo huyu!" Sifa akacheka, sindano mkononi. "Malizia, bwana mkubwa, nikushonee."

Naapa nilimwona Garside akijaribu kuinamisha shingo. Lakini kola yake ilikuwa imekakamaa kwa dhahabu, haikunjiki, naye akaona haya kuivua mbele ya watu. Akashusha pini. Nikaifunika ramani kwa kiganja changu.

Niliamka nimekunja ngumi. Shani alikuwa ameshaamka, anatambaa mkekani. Nikalala kifudifudi kando yake, shavu sakafuni, nikautazama ulimwengu kutoka alipo yeye: mguu wa stuli kama mnara, sisimizi amebeba punje kubwa kuliko kichwa chake. Hapo ndipo ikaniingia. Mtu haanzi kuua siku anapoachia bomu. Huanza siku anapozoea kutoinama. Shani nitamsomesha apande, hata urubani akitaka, ila kila jioni atashuka hapa chini, tutazamane usoni.