Andika Mafuta

Kwa miaka kumi na mmoja Daktari Nalianya Wamalwa alikuwa akitengeneza nyuso za watu walioungua, na alikuwa amezoea kuangalia kidonda kabla ya kuuliza jina. Jumamosi ile adhuhuri, kitanda kiliposukumwa hadi chumba cha dharura, aliona kwanza bega, kisha shingo, kisha upande wa kulia wa uso. Ngozi ilikuwa imekauka na kugeuka kahawia, na michirizi ilikuwa imeteremka kutoka shavuni hadi kifuani. Ndipo nesi akasoma jina: Lorraine Muhonja, wa Kware.

Alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake Frankline.

Aliyemleta ni Falis, jirani mwenye duka la nguo chini ya jengo wanamoishi. Buibui lake lilikuwa limelowa hadi magotini.

"Nilisikia mayowe, nikamkuta kwenye ngazi," Falis alisema. "Maji ya mfereji hatujaona wiki nzima. Nikammwagia mitungi yangu yote sita. Nimekosea, daktari?"

"Umeokoa jicho moja. Na bwanake?"

"Alinipita akikimbia. Hakusema kitu."

Daktari Thuo, mkuu wa idara, alikuwa Kisumu akifundisha, na hospitalini hapo hapakuwa na mwingine wa upasuaji wa plastiki. Nalianya alijua si vizuri kumpasua mtu wa familia yake. Lakini jicho halikuwa na muda wa kumngoja Thuo. Akanawa, akaingia, akaondoa ngozi iliyokufa kwa saa nne. Mikono yake haikutetemeka hata mara moja. Alipokuja kulikumbuka hilo, lilimtisha.

Yeye na Frankline walikuwa wamelelewa katika nyumba za reli, Makadara. Baba yao, fundi wa injini, alipofariki walitolewa katika nyumba hizo wakahamia Mowlem. Frankline alikuwa kidato cha tatu. Aliacha shule, akaingia kiwandani Industrial Area kubeba magunia ya unga, ili dada yake asome. Siku ya mahafali ya Nalianya alivaa suti ya kuazima na kulia kumshinda mama yao. Mtaani watu walidhani kazi ya dada yake ni kuwaongezea matajiri makalio. "Wacheni hizo," angewaambia. "Sista yangu anashona watoto walioangukia uji."

Jumapili polisi walimshika Frankline kwa rafiki yake. Alisema mafuta ya kukaangia samaki yalimwagika. Lorraine hakuweza kumpinga. Alikuwa na mpira wa kupumulia kooni, na midomo yake ilikuwa imevimba ikafungana.

Jumatatu asubuhi mama yao, Truphena, alifika ofisini kwa Nalianya akiwa amefunga kitambaa chake cha kanisa.

"Umemwona, mama?"

"Nimemwona. Nimemwombea." Hakuketi. "Wanasema wewe ndiye unaandika ile karatasi ya polisi."

"P3. Ndiyo, kwa sababu mimi ndiye niliyempokea."

"Andika mafuta."

Nalianya alifunga mlango. "Mama, mafuta hayatoboi nguo. Blauzi yake imeliwa hadi imebaki nyuzi. Ile ni asidi ya betri."

"Mimi sikusoma. Nakuomba neno moja tu. Frankline alibeba magunia miaka tisa ili wewe ujue tofauti ya mafuta na asidi. Sasa utamfunga nayo?"

"Mama, tafadhali."

Truphena akapiga magoti sakafuni. Nalianya akamshika mikono kumwinua, lakini mama alijilegeza akawa mzito kama mtu aliyezimia, na kwa muda mrefu wakabaki hivyo, mmoja akivuta na mwingine akikataa kuinuka.

Siku tatu fomu ilikaa kwenye droo. Nalianya aliitoa, akajaza tarehe, urefu wa vidonda, upande wa mwili. Palipoulizwa kilichosababisha majeraha, aliruka. Usingizi ukampotea. Alimtetea kaka yake kichwani, akamkumbuka na ile suti, kisha akaenda wodini kubadilisha bandeji na kukuta ngozi aliyoitoa pajani mwa Lorraine na kuipandikiza shingoni imeoza, na bandeji ina rangi ya kijani. Ikabidi aikwangue yote aanze upya.

Alhamisi mpira ulitolewa kooni. Sauti ya Lorraine ilitoka kama ya mtu aliye mbali.

"Wifi, jicho halifungiki. Nikilala naona dari tu."

"Nitalitafutia kope. Nitachukua ngozi nyuma ya sikio."

"Frank amesema nini?"

"Kwamba mafuta yalimwagika."

"Na wewe umesema nini?"

Nalianya alitazama bandeji mkononi mwake. "Bado sijasema."

Lorraine akageuzia uso ukutani, taratibu, kwa sababu ya shingo. Saa hiyo hiyo Nalianya alirudi ofisini akaandika: asidi.

Kesi ilisikizwa katika mahakama ya Makadara miezi minane baadaye. Kufikia hapo jicho la kulia lilikuwa limepofuka. Kope mpya ilishika, ila ilichelewa.

"Daktari," wakili wa Frankline aliuliza, "nani alikusomesha?"

"Mshtakiwa."

"Unamchukia?"

"Hapana."

Frankline alihukumiwa miaka kumi na minne. Alipopitishwa mbele ya dada yake akiwa na pingu, alisema polepole, "Ulisoma vizuri, sista."

Wiki hiyo Lorraine alikuja kliniki. Bado alihitaji kupasuliwa shingo na mdomo.

"Wifi, usinielewe vibaya," alisema. "Nataka Daktari Thuo amalizie. Nikifungua jicho baada ya dawa ya usingizi, nakuona wewe, na una uso wa Frank. Nashtuka kila mara."

"Sawa," Nalianya alisema. Akaandika barua ya kumkabidhi kwa Thuo, akaitia sahihi, akampa.

Jioni alipanda ngazi hadi kwa mama yake Mowlem, akabisha.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Nalianya."

Hatua za kandambili zikasogea hadi mlangoni, zikasimama upande wa pili, karibu kiasi kwamba alisikia pumzi.

"Daktari," Truphena alisema, "hapa hakuna mgonjwa."

Hatua zikarudi. Redio iliyokuwa ikitoa nyimbo za injili ikaongezwa sauti. Nalianya alisubiri wimbo uishe, na mwingine, kisha akashuka ngazi.