Taya la Mheshimiwa

Chumba cha kupodolea hakikuwa na dirisha, na kiyoyozi chake kiliachwa kikiunguruma hadi meno yagongane. Pale kwenye kituo cha televisheni walisema Mheshimiwa hapendi joto. Mpodoaji alijua zaidi. Nyama iliyokufa haivumilii joto.

Alijua tangu mvua zilizopita, siku poda ilipogoma kushika kwenye uso usiotoa jasho. Mpiga picha alijua. Mlinzi alijua. Mawaziri waliombusu mkono walijua kuliko wote, wakafyata mkia, maana maiti yule ndiye aliyewagawia vyeo. Hao hao leo watakuapia kwamba hawakuwa na habari!

"Dada Poda, mpake akolee," mlinzi alitania mlangoni. "Leo hotuba ndefu."

"Ndefu kuliko foleni ya unga?"

"Ulimi huo! Ndio uliomponza mdogo wako." Akacheka peke yake, akatoka kuvuta sigara.

Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa fundi wa reli. Alihutubia wenzake kwenye mgomo kwa kipaza sauti cha kuazima, askari wakamchukua mchana kweupe, tonge likiwa mkononi. Tangu hapo dada mtu alipaka na kunyamaza, akitumaini watamrudisha.

Alipitisha sponji kwenye midomo ya baridi. Midomo ikafunguka.

"Dada."

Sponji ikamdondoka. Ilikuwa sauti ya mdogo wake, na ule mluzi wa pengo la jino lake. Macho ya maiti hayakupepesa.

"Uko wapi, mdogo wangu?"

"Humu. Wanatutia humu mmoja mmoja tuwe sauti yake. Aliyenitangulia, mwalimu wa shule, amekwisha. Mwili wangu usiutafute."

"Nitakutoa."

"Nitoe basi. Mheshimiwa alipokufa hawakumfunga taya, waliogopa atanyamaza. Mfunge, kama mama alivyomfunga marehemu baba."

"Nikimfunga, nitakusikia wapi tena?"

Kikaja kile kicheko chake cha kuomba radhi. "Hutanisikia. Lakini hotuba ya leo inaamuru wenzangu wa reli wapigwe risasi. Wataamuru kwa mdomo wangu, dada. Mimi!"

Mlinzi akarudi, akamsukuma Mheshimiwa studioni kwenye kiti chake cha magurudumu. Mpodoaji akafuata na kisanduku chake, kama kawaida ya kazi. Taa zikawaka. Kila sebule nchini ikatazama.

"Ndugu wananchi, hawa waasi wa reli..." Mluzi ukatetemeka kama mtoto anayezuia kilio.

Mpodoaji akavua kitambaa kichwani, akaingia mbele ya kamera. Walidhani anakwenda kufuta uso. Akakipitisha chini ya kidevu, akakaza, akapiga fundo juu ya utosi, taratibu, kama anayemvika mtoto kofia ya baridi. Kisha akayafumba yale macho.

Nchi nzima ikaona maiti. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nani hajawahi kuzika?

Mlinzi akamvamia, akamkunja mikono nyuma. Hakupigana naye. Alikuwa amelaza sikio kwenye kifua cha yule mzee, akisikiliza, na kila alipovutwa alirudisha kichwa palepale.

"Mdogo wangu," aliita. "Sema hata neno moja. La kwangu tu."

Kifua kilikuwa kimya kama ukuta.