Futi Moja Kutoka Kwenye Nyasi

Katika jiji zima la Winnipeg, Verna Baryluk alijigamba, hakuna mtu anayejua mabomba ya tanuri la gesi, lile la kupashia nyumba joto, kumshinda yeye. Kisha akakiri mwenyewe kwamba anayajua mabomba mawili tu, yote ya nyumba moja, na kwamba siku yalipofungwa alikuwa amekaa uani anatafuna mahindi ya kuchemsha, wala hakusema neno.

Ilikuwa Agosti. Mwenye nyumba, Bwana Wendell Dueck, alileta fundi wakati wa joto kwa sababu wakati huo mafundi wako tele na tanuri halina wa kuligombea. Likawekwa kwenye chumba cha chini ya ardhi, alikokuwa akiishi Orest, mdogo wake Verna. Verna mwenyewe alikaa juu. Ukuta ukatobolewa, mabomba mawili ya plastiki nyeupe yakatokeza nje, moja la kuvuta hewa ya kuwashia moto na jingine la kutolea moshi. Fundi akakunjua tepu, akapima futi moja kutoka kwenye nyasi, akasema tayari.

Kanuni inasema futi moja juu ya theluji. Lakini Agosti theluji haipo, na watu wa Winnipeg mwezi huo huisahau kama mzazi anavyousahau uchungu. Wasingeisahau, nani angebaki kule?

Ndani, juu ya kitanda cha Orest, fundi aliunga elbo moja, kile kiungo cha kona cha bomba la moshi, bila gundi. Gundi ya kazi ile hutanguliwa na dawa ya zambarau inayoacha doa lisilofutika. Elbo ile ilikuwa nyeupe pe, kama jino la mtoto.

Februari theluji ilifika dirishani, ikayafukia mabomba yote mawili. Moshi ulipokosa njia ya kutokea ukarudi ndani, ukaikuta elbo, na Orest akalala asiamke. Daktari aliandika kuwa ni moyo. Bwana Dueck aliupokea huo moyo kwa mikono miwili, akautembeza mtaa mzima. Alimletea Verna pai ya tofaa, akasema samahani mara nne. Bomba hakulipandisha hata inchi.

Orest alirudi mwezi wa kumi na moja, siku ya baridi ya kwanza ya kweli. Saa kumi jioni tanuri liliwaka, mvuke mweupe ukatoka kwenye bomba, na nyuma ya mvuke akatoka Orest, kichwa kwanza, kisha mabega, amevaa pajama na soksi moja. Akajipangusa, akaifudikiza ndoo tupu ya aiskrimu, akakaa. Verna alikuwa jikoni anachemsha perogi, vile vitumbua vya unga vilivyojazwa viazi. Akafungua dirisha.

"Umechelewa," akamwambia.

"Bomba jembamba, dada."

"Nani alikutuma unenepe?"

Akampa sahani. Orest hakula, ila alipenda kuishika ikiwa na moto.

Tangu siku hiyo alikuja kila jioni. Tanuri likizima alififia, likiwaka alikolea. Jirani alipotoka kuchomeka gari lake kwenye umeme ili injini isigande, alimwomba asogee kidogo, naye akasogea, na wote wawili wakaombana radhi. Mpeleka barua alianza kumkabidhi barua zake mkononi, nyingi zikiwa matangazo ya mazulia. Hakuna aliyeshangaa. Kilichomkereketa Verna ni kwamba wote walimwona Orest, na hakuna aliyeliona bomba.

Jioni moja alimuuliza kama kweli ulikuwa moyo.

"Moyo wangu ulikuwa wa punda, dada. Nilikosa hewa."

Alilisema hilo bila kinyongo, kama mtu anayetaja kituo alichoshukia. Hasira yote akamwachia Verna, na Verna aliibeba. Alikata viazi kwa hasira, akapanda ngazi kwa hasira, akaisali sala yake ya jioni kwa hasira hadi Mungu mwenyewe, nadhani, akasogeza kiti nyuma. Kisha Januari akaona tangazo limebandikwa dukani: chumba cha chini kinapangishwa, chenye joto, tulivu. Jumamosi angehamia muuguzi mmoja kijana, na kitanda kilikuwa kimeshawekwa palepale, chini ya elbo nyeupe. Verna akapiga simu kwa mkaguzi wa gesi.

Mkaguzi, Inga Thorlakson, alikuja Alhamisi saa kumi kasoro. Bwana Dueck alikuwa ametangulia tangu asubuhi na sepetu, akachimba kuzunguka mabomba hadi nyasi zikaonekana, kama mtu anayefukua viazi. Mkaguzi akapima kutoka kwenye nyasi. Futi moja kamili.

"Na theluji?" Verna akauliza. "Au wewe unakagua Agosti?"

"Mama, mimi napima ninachokikuta."

Verna akataka waende wakaitazame elbo. Bwana Dueck akasema, kwa masikitiko makubwa, kwamba dari imezibwa kwa mbao, tena mbao nzuri. Mkaguzi akauliza kama kuna mtu aliyewahi kulala chini kule.

"Hajawahi kukaa mtu," akasema Bwana Dueck. "Ni stoo ya viazi."

Tanuri lilikuwa limeshawaka, na Verna akanyoosha kidole kwenye ndoo, alipokuwa ameshakaa mdogo wake.

"Basi muulize kiazi yule pale."

Mkaguzi akamtazama yule mtu wa pajama, akaandika: mtu mmoja, uani. Akamuuliza Bwana Dueck kama anamfahamu.

"Simjui. Sijapata kumtia machoni."

Mkaguzi akaandika na hilo. Akabandua kibandiko cha kijani, cha kuonyesha kwamba kazi imepita, akakibandika kwenye bomba, akakikandamiza kwa dole gumba. Kwa baridi ile kiliganda papo hapo. Theluji ilikuwa imeanza tena, ikirudi taratibu kwenye shimo alilolichimba Bwana Dueck. Mkaguzi akafunga kalamu, akaitia mfukoni.

Orest akapiga chafya.

"Afya, Orest," akasema Bwana Dueck, maana alilelewa vizuri.

"Asante, Wendell."