Mtihani wa Akai na Waya Ulioning'inia

Mitihani ilikuwa miwili, na Akai alikuwa na kibali cha kufanya mmoja tu. Kibali chenyewe kingekufa baada ya miezi miwili. Asipofaulu, kazi ya kusimamia mitandao yote ya kompyuta ya ofisi yao ya Lodwar ingepewa mtu kutoka "Kenya", yaani huko kusini, na yeye angebaki kubadilisha wino wa printa mpaka azeeke.

Mtihani wa kwanza ulihusu kupeleka mtandao hewani kwa milingoti. Wa pili ulihusu majengo makubwa, kompyuta elfu chini ya paa moja. Akai aliupenda wa kwanza, maana kutoka Lodwar hadi Todonyang hakuna waya. Kuna upepo na milingoti. Lakini mkubwa wake, bwana Aukot, aliyasoma majina yote mawili kwa sauti, akachagua lile refu.

"Huu ndio wa juu. Ndio tumeandika kwa tangazo la kazi."

"Bosi, jengo la kompyuta elfu liko wapi hapa Turkana?"

"Litakuja. Wewe tangulia."

Basi akatangulia.

Nyanya yake, Nawoi, hakuwa na neno. Alikuwa msuka vikapu vya makuti ya mkoma, na msuka vikapu hana haraka. Ila kaka yake Nawoi, mzee Lomunokol, hakukubali mtoto aende vitani bila kutazamiwa njia. Akavua viatu vyake vya ngozi, akavirusha mchangani mara tatu, akainama kusoma vilivyoanguka.

"Njia ni nzuri," alisema. "Lakini kuna adui. Mwanamke. Ana shanga nyingi shingoni."

Tangu siku hiyo Nawoi akawa anamkazia macho kila mwanamke mwenye shanga aliyepita pale nyumbani. Walikuwa wengi. Yeye mwenyewe zake zilimfika kidevuni, hata kutazama chini kulikuwa kazi.

Kwa miezi miwili Akai alisoma. Kila alasiri, kivulini, alimpa nyanya kadi za maswali azishike, yeye ajibu kwa sauti.

"Umekosa," Nawoi alisema.

"Umejuaje, na hii ni Kiingereza?"

"Ukijua unaongea polepole. Usipojua unakimbia kama mwizi wa mbuzi."

Akai akageuza kadi. Kweli, amekosa.

Yaliyo magumu aliyaeleza mpaka nyanya aelewe, kwa sababu nyanya asipoelewa, basi hata Akai mwenyewe hajaelewa.

"Ukichomeka ncha mbili za waya mmoja kwenye kisanduku kimoja cha mtandao, ujumbe unatoka huku unarudi huku. Kisanduku kinadhani ni mpya, kinautuma tena. Na tena."

"Kama umbea wa kisimani," Nawoi alisema, mkono ukisuka. "Asubuhi umemwambia Akoru, jioni unakurudia umenenepa, na wewe unaupokea kama habari."

"Hiyo hiyo! Mpaka hakuna anayeteka maji tena."

Siku ya mwisho ya kibali wakaenda Kakuma wote wawili. Nawoi alisema anakwenda kumlinda. Akai akaingia ndani ya kituo cha mtihani kuandikwa jina. Nyanya akabaki barazani. Ukutani, usawa wa kichwa chake, kulikuwa na rafu, na juu yake kisanduku chenye taa na matundu mengi. Waya mmoja ulitoka kwenye kisanduku hicho ukaning'inia hadi sakafuni, ncha yake wazi.

Nawoi aliutazama kwa subira yake yote. Lakini aliyekulia kwenye mifugo haachi kamba hivyo. Kamba isiyofungwa maana yake kuna mbuzi amepotea. Akaiokota ile ncha, akatafuta tundu tupu. Ikaingia kwa sauti ndogo tamu: ta. Akaketi, roho imetulia.

Mtandao wa kituo kizima ukafa.

Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Fundi wa kituo alikuwa safarini Lodwar. Msimamizi, Mukendi, Mkongo mwenye shati lililopigwa pasi hata chini ya kwapa, alitangaza kwamba saa nane mlango unafungwa. Akai akatoka nje hadi barazani, mikono nyuma, akakitazama kisanduku kwa mbali.

"Taa zote zinapepesa pamoja. Kuna waya unarudi ulikotoka. Uchomoe tu, ndugu."

"Gani? Ziko ishirini! Miye nasimamia tu, sigusake vitu."

"Niache mimi basi."

"Ukigusa mitambo, dada, nakufuta. Njo sheria." Akamgeukia mfagiaji. "Jelagat! Ni weye?"

Jelagat akaapa kwa Mungu. Shingoni alikuwa na shanga, uzi mmoja mwembamba.

Nawoi akauona ule uzi. Hakuna aliyemwona yeye mwenyewe akichomeka. Angenyamaza, adui angekuwa amepatikana, na viatu vya Lomunokol vingesifiwa mpaka Lowarengak. Alitaka kutazama chini, shanga zikamkatalia kidevu. Akamsikia Akai akimsihi Mukendi, maneno yakikimbia kama mwizi wa mbuzi.

Akasimama.

"Mwacheni huyo mama. Ni mimi. Na waya naujua."

"Nyanya!"

"Ulikuwa unaning'inia."

Mukendi akafungua kitabu cha sheria, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. "Watahiniwa, hapana. Wasimamizi, hapana..." Akakifunga. "Koko huyu, nyanya yako, hawakumuandika. Toa, Koko."

Nawoi akauchomoa. Taa zikatulia, moja baada ya nyingine, kama mbuzi walioshiba maji.

Akai aliingia, akafanya, akafaulu. Swali la saba, alisema, liliuliza habari za waya unaorudi ulikotoka. Alilijibu huku akicheka, Mukendi akamkodolea macho.

Huko Lodwar, bwana Aukot alikitundika cheti nyuma ya kiti chake mwenyewe, akampa Akai kazi, na kazi ya kwanza ikawa mlingoti ulioangushwa na upepo Todonyang.

"Bosi, milingoti ilikuwa kwa ule mtihani mwingine."

"Aliyeweza ng'ombe atashindwa na mbuzi?"

Lomunokol naye alikuja kuuliza, yule adui alikuwa nani?

"Viatu vyako vimezeeka," Nawoi akamjibu. "Nunua vingine."

Asubuhi ya safari Akai alimkuta nyanya amesimama kando ya gari, kikapu mkononi.

"Unaenda wapi?"

"Kukulinda."

Akai hakubisha. Alizitoa nyaya zote mkobani, akazikunja, akazifunga ncha moja moja hadi hapakuwa na hata moja inayoning'inia. Ndipo akamfungulia nyanya mlango.